Mguu Wangu Mikononi mwa Konokono

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mvua nyembamba ikinyesha, nililazwa chali juu ya meza ya chumba cha eksirei. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa baridi kama jiwe, na vidole viwili vilikwisha badilika rangi. Daktari wa upasuaji alitaka kuukata chini ya goti. Hata hivyo alikubali mwenzake ajaribu kwanza kuzibua mshipa wa damu ulioziba kwa waya, akiongozwa na picha za eksirei zinazotembea kwenye skrini. Akishindwa, ningekatwa Alhamisi.

Mwenzake huyo aliingia akiwa na barakoa na aproni nzito ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, akitembea pole pole kana kwamba sakafu imetandazwa mayai.

"Shikamoo, kiranja."

"Marahaba," nikajibu kwa mazoea. Kisha nikautambua mwendo ule. Katika shule ya bweni tulimwita Konokono.

Nilikuwa kiranja mkuu, yeye kidato cha kwanza. Asubuhi moja alichelewa gwaride kwa robo saa. Alipojaribu kueleza sababu, nilimwambia saa ni saa, nikampigisha magoti juu ya kokoto mbele ya shule nzima mpaka akatoka damu. Jioni niliarifiwa kwamba alikuwa amembeba mgongoni mwenzake mwenye homa hadi zahanati. Sikumwomba radhi. Niliamini kiranja hamwombi radhi mwanafunzi mdogo.

"Wanikumbuka?" nikauliza.

"Mimi nimesahau. Magoti ndiyo yanayokumbuka, hasa siku za mvua kama leo."

Mpiga picha za eksirei, dada mchangamfu aliyekuwa nyuma ya kioo, akadakia: "Daktari, basi leo umempata."

"Nimempata amelala. Haina raha."

Akanitia ganzi kinenani, akapitisha waya na dawa ya rangi ya kuonyesha damu inapopita. Alipokanyaga pedali ya eksirei, mshipa wangu ulijitokeza kwenye skrini kama mto kwenye ramani, ukakatika ghafla juu ya goti. Akaondoa mguu, picha ikaganda. Akaitazama, akasogeza waya upana wa ukucha, akakanyaga tena kidogo tu.

"Mbona unaizima kila mara?"

"Mionzi hiyo, kaka. Nikishaona, nazima, nafikiri gizani."

"Vuta pumzi, izuie, usitikisike," akaagiza dada. Nikaizuia. Picha ikapigwa, nao wakaanza kujadiliana kuhusu ukubwa wa puto la kutanulia mshipa. Nikaendelea kuzuia, hadi mashine iliyo kichwani pangu ikaanza kupiga kelele.

"Kaka, mbona hupumui?" akauliza Konokono.

"Sijaamriwa," nikasema huku nikitweta.

"Jamani, huyu bado yuko gwaride," akasema dada. Konokono alicheka hata akalazimika kusubiri mikono yake itulie.

Mara nne waya uligoma, mara nne akaurudisha nyuma bila pupa. Saa mbili na nusu zilipita. Safari ya tano ulipenya. Puto likajazwa, likatolewa, na ile dawa ya rangi ikashuka kwenye skrini hadi vidoleni. Nilihisi joto kisiginoni. Machozi yalinitiririkia masikioni, nami nilikuwa nimekatazwa kujigusa.

Baada ya wiki mbili nilivaa koti langu jeusi na tai ya shule.

"Unakwenda kliniki au kwenye ukaguzi?" mke wangu akauliza.

Ningeweza kusubiri niitwe ndani. Lakini nilimwadhibu mbele ya watu. Haikustahili nimwombe radhi nyuma ya mlango. Alipotokea kwenye ukumbi uliojaa wagonjwa na wauguzi, nilisimama kwa miguu yangu yote miwili.

"Daktari," nikasema kwa sauti ya gwaride, "nilikupigisha magoti kwa kosa ambalo hukulitenda, nikakataa kukusikiliza. Naomba radhi. Nakushukuru kwa mguu huu."

Akanitazama kwa utaratibu wake uleule.

"Umechelewa miaka thelathini na minane, kiranja. Una sababu?"

"Sina."

"Basi nimepokea. Hatudaiani."