Karatasi ya Mhina ya Transfoma

Jumatatu Mhina alipobandika karatasi yake ya maelekezo ya kazi kwenye mlango wa uzio wa transfoma, Laurenti aliisoma mara tatu akitafuta kosa.

Laurenti alikuwa fundi umeme wa shamba hilo la mkonge, karibu na Korogwe, tangu siku umeme wa maporomoko ya Pangani ulipofika. Mhina, kijana wa Handeni, alikuwa na miaka miwili tu kazini. Lakini alisoma masomo ya jioni, na ndiye aliyepewa kijitabu cha Kiingereza kilichokuja na transfoma mpya, ili akiandike kwa Kiswahili. Meneja alimpa mkono mbele ya watu. Hata Justa, mke wa Laurenti, alisimama na kapu lake kichwani akasoma.

"Kumbe ni hivi! Miaka kumi na minane unaniletea harufu ya mafuta ya mitambo, hujanieleza hata nusu yake."

Laurenti alimeza mate machungu. Akasoma tena, akaliona kosa.

Karatasi ilisema: zima swichi kubwa ya nguzoni, kisha fanya kazi. Ndivyo kijitabu kilivyosema. Lakini walioandika kijitabu hawakujua kwamba kila Jumamosi saa nne asubuhi Semboja, mlinzi wa mitambo ya karakana, huwasha jenereta kuukuu ya karakana isishike kutu, na kwamba nyaya zake zimeungwa kwenye transfoma hiyo hiyo. Transfoma inayoshusha nguvu ya umeme huipandisha ikilishwa kinyume, na nyaya za juu zikawa na umeme wa kuua hata swichi ya nguzoni ikiwa imezimwa. Laurenti siku zote alikata kwanza swichi ya karakana. Hakumwambia mtu.

"Shikamoo, mzee," Mhina alimwambia. "Kuna kilichopungua?"

"Marahaba. Msomi ni wewe. Mimi nikuongezee nini?"

Jumamosi, saa nne ikikaribia, waya mmoja wa juu ya transfoma ulilegea. Mhina akazima swichi ya nguzoni, akapanda ngazi. Laurenti, aliyeshika ngazi chini, alianza kusali kimoyomoyo: Mungu wangu, aaibike kidogo tu. Akayasikia maneno yake mwenyewe, akaikatiza sala. Kule karakana jenereta ikakohoa mara moja.

"Semboja, acha! Zima! Mhina, usiguse!"

"Si nimezima, mzee?"

"Umeme unarudi kutoka karakana! Shuka, mwanangu, shuka!"

Mhina alishuka. Laurenti akamweleza yote.

"Ulijua tangu lini kwamba karatasi ina kosa?"

"Tangu Jumatatu."

Mhina alikwenda kwenye mlango wa uzio. Kisha akabandua karatasi, akaketi chini, akatoa penseli.

"Sema, niandike."

"Kata kwanza swichi ya karakana. Mwambie Semboja kwa mdomo, naye aitikie. Halafu kuna pampu ya maji, nayo hukuiandika."

Wivu haukumtoka Laurenti. Mwandiko wa Mhina ulikuwa mzuri, na kila herufi ilimchoma. Lakini aliendelea kusema, jambo baada ya jambo, mpaka penseli ikataka kuchongwa.