Picha ya Saba

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Taasisi yetu ya Changamwe ilikuwa tawi la chuo kikuu cha bara, lakini tuliruhusiwa kujiita Dira na kuwa na nembo yetu ya dhahabu. Tovuti yake niliitengeneza mimi.

Chuo kikuu kilituletea karatasi ya masharti. Moja lilisema kila picha kwenye tovuti iandikiwe maelezo nyuma yake, ili kompyuta ya asiyeona iyasome kwa sauti. Nilimpelekea mkuu wetu, Bi Sheikha. Aliisoma amesimama.

"Haya ni ya kwao, Obeid. Sisi tuna jina letu. Mimi nataka kitu kipendeze."

Sikubisha. Ukweli ni kwamba nilifurahi, maana sharti lile lingeniongezea kazi. Herufi nilizozipenda hazikuwamo kwenye kompyuta za watu, kwa hiyo maneno yote niliyachora na kuyaweka kama picha. Yalipendeza, wallahi.

Mwidani ndiye aliyekuwa akipokea simu pale chini. Surua ilimpofua utotoni. Alivuka kwa feri kutoka Likoni kila asubuhi na kufika kabla yetu sote. Wafadhili walimpa kompyuta inayosoma kwa sauti, na mwaka ule akaomba nafasi ya diploma, nafasi moja tu iliyotengewa wafanyakazi. Miaka kumi na mmoja ya kuwaunganishia wengine simu ilimtosha.

Majina yalipotoka, lake lilikuwamo. Nililichora mwenyewe, kwa dhahabu, na chini yake nikaandika kwamba waliochaguliwa waje kutia sahihi kabla ya Ijumaa saa kumi. Ningeweza kushuka ngazi nikamwambia. Lakini nilijisemea, mtu huyu barua zake zote husomewa na watu. Habari hii aisome yeye wa kwanza. Nilidhani namheshimu.

"Majina yako kwenye mtandao, kaka," nilimwambia Jumatatu. "Ingia mwenyewe."

Wiki nzima alikuwa kimya. Kwetu mtu akipata jambo la heri hulinyamazia kwa kuogopa husuda, kwa hiyo sikumuuliza. Nilikuwa nikipita mezani pake nikitabasamu peke yangu, mjinga mimi.

Jumatatu iliyofuata Bi Sheikha aliniita. Alisema Mwidani hakutia sahihi, na nafasi amepewa aliyemfuata.

"Hakujua," nilisema. "Maneno yote pale ni picha. Kompyuta yake haiyasomi."

Bi Sheikha aliketi. "Yule mwingine ameshapewa barua, mwanangu. Nimnyang'anye?"

Nilishuka nikamweleza Mwidani kila kitu, nimesimama mbele yake. Sikujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachomoa hedifoni ili nami nisikie, akafungua ukurasa wangu. Kompyuta ikasema picha. Ikasema tena picha, na tena, kwa sauti ileile kavu.

"Imeniambia hivi wiki nzima," alisema.

"Kwa nini hukuniuliza, kaka?"

"Niliona haya. Nikasema, lingekuwamo jina langu, Obeid angeniambia."

Akarudisha vidole kwenye kibodi.

"Mimi ni picha ya ngapi?" aliuliza.

"Ya saba."

Alirudi mwanzoni mwa ukurasa, akashuka polepole kwa kidole, akihesabu kwa midomo. Kwenye ya saba akasimama.

"Picha," ilisema kompyuta.

Akabonyeza tena, akainamisha kichwa karibu na spika. "Picha."

Simu ikalia. Mwidani alipapasa mkono wa simu, akasafisha koo. "Dira, habari ya asubuhi," alisema. "Nikuunganishe na nani?"