Mgongo wa Fundi Saa

Mama Mkasi aliinua macho ukutani, akayashusha, akayainua tena. Kisha akamgeukia mchoraji aliyekuwa akiosha brashi kwenye kopo.

"Baba, huyu ni nani?"

"Yule? Si mumeo huyo, mama?"

"Mume wangu?" Akacheka kile kicheko chake cha kuwafukuzia wateja wakorofi kibandani. "Mume wangu nimemshonea makoti tangu tuoane. Huyu sijawahi kumpima hata kola."

Katika kanisa lile, muumini akifa huchorwa kwenye ukuta wa nyuma ya madhabahu, ndani ya bustani yenye mto. Wala hachorwi alivyokuwa. Huchorwa atakavyokuwa siku ya ufufuo: kijana wa miaka thelathini na kitu, umri wa Bwana alipotoka kaburini, ngozi nyororo, meno yote mahali pake. Kwa hiyo ajuza aliyezikwa amekunjamana kama karatasi alikuwa pale na kiuno cha nyigu, kando ya mwanawe aliyefia uzeeni naye, na asiyewajua angedhani ni wachumba. Wote walivaa kanzu nyeupe. Wote walitabasamu tabasamu moja, maana mchoraji alijua hilo moja tu.

Mara moja kwa mwaka pazia huondolewa, marehemu wapya wakaonekana. Mfiwa hupita mbele, akagusa ukuta, akasema neno moja mbele ya watu wote: "Tutaonana." Akishalisema, ndipo anapovua nguo nyeusi. Bila neno hilo msiba haujaisha.

Mama Mkasi alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Jumamosi hiyo alikuja kuleta pazia aliloombwa kushona, akachungulia kabla ya wenzake. Na alichokiona ni mwanaume mrefu, amegeuka upande kidogo, kifua mbele, amenyooka kama nguzo ya simu.

Fundi Saa, mumewe, hakuwahi kunyooka. Ugonjwa ulimla uti wa mgongo akiwa mtoto, ukamwachia nundu iliyompeleka uso karibu na meza. "Mungu aliniinamisha makusudi," alikuwa akisema, lenzi jichoni, "nizione saa za watu vizuri." Mafundi watatu walimharibia kitambaa cha koti kabla hajafika kwa Mama Mkasi. Yeye alimzungusha futi mgongoni, akapima, akarudia kupima, akakata kipande cha nyuma kirefu kuliko cha mbele, na koti likamkaa kama amemwagiwa. Wao wawili, kupimana ndiko kulikowaozesha.

Akaenda moja kwa moja kwa mchungaji, naye akamkaribisha ofisini, akamtolea kiti. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliomwudhi Mama Mkasi zaidi, kwani mtu akikufokea unajua pa kumshika.

"Mama, mwili ule ulikuwa mbegu," alisema. "Mbegu inafukiwa, inachipuka kitu kipya."

"Kipya sawa. Lakini nikifukia hindi silali nikiota muhogo."

"Utakuwa mwili wa utukufu. Hauna kasoro."

"Na wa Bwana je? Alipofufuka si alimwonyesha yule mfuasi mbishi matundu ya mikono? Mwili wa utukufu huo, na matundu yake. Sikusikia mahali wameyaziba."

"Yale ni majeraha ya wokovu wetu. Kibyongo ni ugonjwa tu. Usivilinganishe, mama yangu."

Mama Mkasi akalikaza fundo la kitenge chake. Hilo lilimpata.

"Halafu," mchungaji akaongeza taratibu, "mbinguni hakuna kuoa wala kuolewa."

"Sijaja kuomba ndoa, baba. Ndoa nilishaishona mpaka pindo. Naomba nikifika nimtambue."

"Utamtambua. Lakini picha itabaki hivyo."

Nyumbani alimkuta binti yake akipiga pasi. Alimweleza yote, huku akiwaigiza mchungaji na mchoraji kila mmoja kwa sauti yake, akitegemea kicheko. Binti hakucheka.

"Mama, mwache anyooke."

"Na wewe tena?"

"Wewe ulimshonea makoti. Mimi ndiye niliyempaka dawa. Umesahau usiku wa baridi alivyokuwa anauma shuka ili tusimsikie? Aliniambia, 'Mwanangu, siku moja nitalala chali kama watu wengine.' Chali tu, Mama. Hakuomba kingine. Leo amenyooka, wewe unataka kumkunja tena ili iweje? Ili wewe ufurahi?"

Maneno hayo yalimwingia Mama Mkasi penye mfupa. Akaketi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye kanyagio bila kukanyaga. Mara ngapi alilala nyuma ya mgongo ule, shavu lake limetulia pale ulipochomoza, akadhani anampumzisha! Kumbe huenda alikuwa anamwongezea mzigo. Akainua macho, akamtazama binti yake.

"Matundu ya Bwana," akasema mwishowe, "yalikuwa bado yanamuuma?"

"Yataumaje, na ameshafufuka?"

"Ee! Alimwambia mtu atie kidole, wala hakuruka. Kidonda kilikwisha, alama ikabaki, wakamjua kwayo. Maumivu ya baba yako yaende, tena yasage meno huko yaendako. Kama yangekatika kwa mkasi ningeyakata mimi. Ila mgongo ni wake."

"Watu walimcheka kwa mgongo huo. Na mimi walinicheka shuleni."

"Basi wanyooshwe waliocheka."

Binti alijikaza asitabasamu. "Na kulala chali?"

"Atapewa godoro lenye shimo. Mimi nimeweza koti, Mungu ashindwe na godoro?"

Binti akainamia pasi yake. Akageuza nguo, akaendelea kunyoosha.

Kesho yake kanisa lilijaa. Pazia lilipoanguka, aliyetangulia alikuwa mama muuza maziwa. Mwanawe alikufa kwa moto. Pale ukutani alikuwa mzima, mashavu laini kama hajawahi kupita karibu na jiko. Mama yule aligusa ukuta kwa viganja viwili, akasema "Tutaonana," akalia mpaka wakamshika. Mama Mkasi naye alilia, bila kujificha.

Ikafika zamu yake. Akasimama chini ya yule mwanaume mrefu, mikono kiunoni.

"Sisemi," akasema.

Minong'ono ikapita vitini. Mchungaji akamsogelea. "Mama, neno moja tu."

"Nimwambie mgeni tutaonana? Nikifika huko anipungie mkono, nimpite kama sijamwona? Na mwenyewe je, amesimama pembeni na koti lake, nani atampokea?"

Mama muuza maziwa aliinuka, uso umelowa. "Dada, mimi wangu mniachie hivyo hivyo. Nakuomba."

"Wako ni wako, dada yangu," Mama Mkasi alimjibu, sauti imeshuka. "Moto ulimvamia. Aliye pale ndiye uliyemlea, nani atakunyang'anya? Mimi niliyeishi naye hakuwa huyu."

"Na mke wangu alikuwa na pengo!" Mzee wa Kengele akapaza sauti kutoka mlangoni, kamba mkononi. "Nilimpendea pengo! Mmempa meno ya farasi, miaka minne namwangalia sipati usingizi!"

Watu wakaangua kicheko, hata kwaya. Mchungaji alipogeuka kuwatuliza, Mama Mkasi alikwishavuta kigoda cha mpiga ngoma na kupanda juu yake. Akatoa kwenye fundo la kitenge kipande cha chaki ya kushonea.

Akaanza kisogoni. Mkono haukuuliza. Mstari uliteremka kidogo, ukatoka nje, ukapanda mviringo, ukarudi ndani kiunoni, ule ule aliouchora juu ya vitambaa maisha yake yote ya ndoa. Watu wakanyoosha shingo. Nyuma ya yule kijana wa kanzu akaanza kuonekana mtu.

"Mama, shuka," mchungaji alisema.

Binti yake akainuka kitini. Mchungaji akashusha pumzi, akampisha, akidhani amepata wa kumsaidia kumteremsha. Binti akafika, akashika kigoda kwa mikono miwili kisiyumbe, akaangalia juu.

"Bega la kushoto, Mama. Lilikuwa chini zaidi."

Mama Mkasi akatazama. Kweli. Akafuta kwa kidole gumba, akalishusha bega. Halafu hakugusa ukuta kwa mkono kama wenzake. Aliegemeza shavu pale kwenye nundu ya chaki, akafumba macho.

"Tutaonana."

Akashuka, akavua kitambaa cheusi, nusu ya uso wake nyeupe kwa vumbi la chaki.

"Mama," mchungaji alisema, na hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka, "unajua itabidi tuifute."

"Futeni, baba. Chaki ninayo boksi zima, na Jumapili haziishi."

Akatembea kuelekea kiti chake, kichwa juu. Binti alimfuata nyuma. Kigoda hakukirudisha kwa mpiga ngoma. Alikiacha palepale, chini ya ukuta.