Nyuzi za Khalayi kwenye Nyanya za Mzee

Katika duka la Khalayi pale Shianda, kila kopo la mafuta ya kupikia lilikuwa na uzi wa sufu uliofungwa kwenye mkono wake. Uzi wa kijani ulisema kopo lilinunuliwa kwa jumla kule Mumias kabla bei haijapanda, shilingi mia tatu. Uzi mwekundu ulisema lilinunuliwa baada ya kupanda, mia tatu na thelathini. Sufu yenyewe ilikuwa mabaki ya sweta alizowafumia wajukuu.

Kopo likiuzwa, Khalayi aliufungua uzi na kuudondosha katika kikombe cha bati kilichovunjika mpini. Jioni alikimwaga mezani. Kwa kila uzi wa kijani aliweka kando mia tatu, kwa kila mwekundu mia tatu na thelathini, na hiyo ikawa pesa ya kurudia mzigo Mumias. Ishirini iliyobaki juu ya kila kopo ndiyo ilikuwa ya kula. Makopo ya kijani aliyauza kwa bei ya zamani mpaka yaishe, hata kama Osundwa, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, alipandisha kila kitu siku ile ile redio iliposema bei imepanda, pamoja na chumvi iliyokuwa imelala kwake tangu Krismasi. Ndiyo maana akina mama waliingia kwa Khalayi wakichungulia rafu na kuuliza, "Kijani bado iko?"

Wiki hiyo kanisa lilikuwa linafungua jengo jipya, na Khalayi alikuwa amemwahidi Beldina, mwenyekiti wa akina mama, kijani zote zilizobaki. Beldina angezichukua Ijumaa asubuhi, na mchana Khalayi angekwenda na pesa hizo Mumias.

Alhamisi alifunga duka akaenda mjini Kakamega kumwona bintiye Sylvia, aliyekuwa amejifungua. Ufunguo alimwachia mumewe, Mzee Wanzala, ambaye tangu aache kukata miwa alikuwa hana mapenzi mengine ila nyanya zake nyuma ya nyumba.

Ijumaa alipofungua mlango alidhani amekosea duka. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Rafu zilimetameta. Makopo ya mafuta yamepangwa kama watoto wa shule kwenye gwaride, yamepanguswa mpaka yanang'aa, na hakuna hata moja lililokuwa na uzi.

"Baba Sylvia!"

Mzee Wanzala akatokea mlangoni, miwani puani, kifua mbele. "Umeona? Nimefanya jana mchana kutwa. Hata Osundwa amekuja kuchungulia akarudi bila neno."

"Nyuzi ziko wapi?"

"Zile vitu? Nimefungia nyanya. Zilikuwa zimeanza kulala chini."

"Wanzala, zile ndizo zinanionyesha nilinunua kwa bei gani!"

"Ai! Mimi miaka yote nilifikiria ni urembo tu, vile mnavalishanga thamosi vitambaa."

Khalayi akaketi juu ya gunia la sukari. Hakuwa na nguvu ya kugomba, na deki kwa kweli ilikuwa imepigwa vizuri, hata chini ya kaunta. Lakini angempa Beldina makopo mangapi? Akiuza kwa bei ya zamani mengi kuliko yaliyokuwapo, pesa ya Mumias itapungua. Alishawahi kukosea hivyo na sabuni, na upande wa sabuni ukakaa na pengo mpaka Pasaka. Akiuza machache, atakuwa amewala akina mama wa kanisa, na jina lake litawekwa chungu kimoja na la Osundwa. Angeweza kumpigia simu muuzaji wa jumla, lakini huyo angemwambia alichonunua, si kilichobaki. Akayahesabu makopo: thelathini. Akayageuza, akayanusa vifuniko. Yote mafuta, yote yanafanana.

"Mulembe, mama!" Beldina alikuwa ameshafika, na kikapu kikubwa, na mkokoteni wa kukodi nje.

"Mulembe muno. Ingia, lakini usicheke."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Kwa hivyo bei yetu iko kwa shamba? Mzee, na wewe!"

"Mimi nilikuwa nasaidia," akasema Mzee Wanzala, ameanza kusinyaa.

Khalayi akainua kichwa. "Baba Sylvia, ulitupa hata mmoja?"

"Mimi natupanga kitu? Nyuzi zimeisha, nyanya zingine zikabaki zimelala."

"Basi twendeni."

Wakazunguka nyuma, watu wazima watatu, wakainama kwenye nyanya kama wanaotafuta sindano. Kila mche ulikuwa umefungwa kwenye kijiti kwa uzi wake mmoja, mafundo mawili, safi kabisa. Khalayi alishika kijani, Beldina nyekundu, na mzee alitembea nyuma akionya, "Polepole na matawi! Polepole na matawi!"

"Kumi na moja," akasema Khalayi.

"Kumi na nane."

Ishirini na tisa. Makopo thelathini. Wakarudia, wakapata vile vile. Beldina akaangalia juu kwenye mti wa parachichi na kusema lazima ndege wamejengea kiota. Mzee Wanzala akaapa hakuna ndege anayetua kwenye nyanya zake. Khalayi akamgeukia ili amwambie anyamaze kidogo, akamwangalia usoni, na akaendelea kumwangalia.

"Hiyo miwani yako haikuwa imevunjika sikio?"

"Imevunjika. Nimeifunga na..." Mkono wa mzee ukaenda sikioni. Pale, nyuma ya sikio, palikuwa na mafundo mawili ya sufu ya kijani.

Sasa Khalayi ndiye aliyecheka, mpaka machozi. "Kumi na mbili! Mama mwenyekiti, leta kikapu, zako ni kumi na mbili."

"Na tutajuaje ni zipi?"

"Chukua zozote. Mafuta ni yale yale. Kilichokuwa tofauti ni pesa iliyonitoka, na hiyo sasa naijua."

Beldina akahesabu makopo kumi na mawili kwa mia tatu ishirini kila moja, akalipa, mkokoteni ukaondoka. Khalayi akadondosha punje kumi na mbili za maharagwe katika kikombe cha bati, kwa maana mzee alikataa katakata nyanya zake zifunguliwe. Kumi na nane yaliyobaki hayakuhitaji uzi; yote yalikuwa ya bei mpya.

Jioni alirudi kutoka Mumias na mzigo kamili. Bei ilikuwa imeshuka kidogo, mia tatu na kumi na tano, hivyo akatoa sufu ya manjano kapuni na kuanza kufunga. Mumewe alimletea msokoto wa kamba ya katani ya kufungia nyanya badala ya sufu. Akaukubali, akaenda naye kubadilisha, mche baada ya mche.

Hawakuwa wamefika nusu Osundwa alipoegemea ua. "Mzee Wanzala! Hiyo nyanya ya uzi wa kijani, ni bei ya zamani?"

"Ya zamani kabisa," akajibu Mzee Wanzala bila kuinuka. "Lakini wewe nitakuuzia ya nyekundu."