Kangaga la Yustina

Lazaro, Mnyaturu aliyefanya kazi ya reli Itigi, alioa mbali. Alipokuwa reli ya Tanga alimpata Yustina, Msambaa wa milimani Lushoto, akaja naye huku kwenye vichaka na vumbi. Yustina alikuja na kangaga ndani ya kopo la samli alilolitoboa chini. Alikuwa amelichimba kando ya kijito, nyuma ya nyumba ya mama yake.

Majirani walishangaa kuona mtu anafuga majani ndani. Kangaga halitoi ua wala tunda. Ni majani tu, yamechanikachanika kama manyoya ya ndege. Yustina aliliweka pembeni mwa chumba, mbali na jua, juu ya sinia la kokoto na maji, na kiangazi akatundika gunia bichi dirishani ili upepo usilikaushe. Alilinywesha maji ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa. Maji ya tangi la stesheni yalikuwa na magadi, alisema, yangeliunguza. Lazaro hakulipenda wala hakulichukia. Alijua tu kwamba jioni, mkewe akilipangusa vumbi jani kwa jani, ndipo alipozungumza habari za kwao.

Katikati ya vita vya Hitla, mwaka ambao mvua zilichelewa, habari zikaja kwamba mama yake Yustina hajiwezi. Lazaro aliomba ruhusa amsindikize. Bwana stesheni akasema treni za jeshi zinapita, haondoki mtu. Basi Yustina akaenda peke yake, kwa treni mpaka Morogoro, kisha kwa lori. Mlangoni hakumtaja mama yake.

"Udongo usikauke, mume wangu," alisema. "Lakini usitote."

Pipa lilikauka kabla hajarudi. Lazaro alichemsha maji ya tangi, akayapoza, akayachuja kwa kitambaa. Ncha za majani zikawa kahawia. Akakata yaliyokufa kwa wembe, kama alivyomwona mkewe akifanya, mengine yakafuata. Gunia aliloliloweka asubuhi, mchana alilikuta kavu kama ubao. Akamsihi dereva wa treni amletee maji ya mvua kutoka Tabora; yakaja chupa moja, akayagawa kwa kijiko. Likabaki chipukizi moja lililojikunja. Kila akitoka zamu alichuchumaa mbele yake, akilisemesha Kinyaturu, maana nyumbani hakuwa na mwingine wa kusema naye. Siku moja alilikuta jeusi.

Yustina alishuka kwenye treni amejifunga kaniki. Lazaro akaiona, akajua. Alimbebea mzigo, njia nzima akitafuta maneno ya msiba na maneno ya lile kopo, akayakosa yote.

Nyumbani Yustina aligusa udongo. Ulikuwa na unyevu.

"Ulilinywesha maji."

"Ya tangi. Sikuwa na mengine."

"Hukukosea."

Afadhali angemgombeza. Kwa sauti ndogo Lazaro akamwuliza kama hakuona kangaga jingine pale kijitoni kwao.

"Nililichimba," Yustina alisema, "nikalirudisha pale pale. Huku lingekufa tu."

Usiku ule alilala ameelekea ukutani, na Lazaro hakujua amguse au amwache.

Kesho yake Lazaro aliomba kuhamishiwa reli ya Tanga. Akaambiwa angoje vita viishe. Mwaka uliofuata akaomba tena, jibu likawa lile lile, na baada ya hapo Yustina hakumwuliza tena habari za uhamisho.