Mtoto wa Ladimaka

Nilianza kumshuku mjomba wangu, tonton Émile, siku Nono aliposahau kufuta kazi yake kwenye kompyuta.

Nina ofisi ndogo ya kupiga chapa na kutoa fotokopi katikati ya mji wa Lubumbashi, karibu na mahali watu wanapopanga foleni kutafuta vyeti. Nono ni mwenzangu. Jumatano mimi huenda kununua karatasi na wino, yeye hubaki na mashine. Jumatano hiyo niliporudi, nilifungua kazi za siku nikakuta faili lenye jina la ukoo wetu: Radermacher.

"Nani alileta hii?"

"Muzee moja ya koti ya kaki," Nono akasema. "Aliuliza kwanza kama weye uko. Nikamuambia hauko. Njo akaingia."

Koti la kaki ni la tonton Émile, na hakuna siku amewahi kupita mjini bila kunisalimia.

Ndani ya faili mlikuwa na barua ya mwanamke wa Ujerumani, Gisela Radermacher, iliyoandikwa kwa Kifaransa safi. Babu yake alikuwa na kaka aitwaye Wilhelm, fundi wa mitambo, aliyekuja Katanga mwaka 1912. Gisela alikuwa amesikia kwamba Wilhelm aliacha watoto Kambove. Je, wako hai? Wana wajukuu? Alitaka kuja kuwaona.

Sisi tunamwita mtu huyo Ladimaka. Nyumbani kwetu tulilelewa na hadithi moja: kwamba Ladimaka alizaa na mwanamke wa Kambove aitwaye Ngosa watoto wawili, Musonda na Jeannot. Musonda ni nyanya yangu mzaa mama, kambo kama tunavyosema kwetu. Jeannot ni baba wa tonton Émile.

Lakini katika mchoro wa ukoo ambao tonton alimjibu nao Gisela, chini ya Wilhelm palikuwa na mtoto mmoja tu: Jeannot. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika: Musonda, mtoto wa Chola Pierre, hana uhusiano.

Nilisoma maneno hayo mara tatu. Halafu nikaangalia picha za daftari la ukoo alizoskani pamoja na barua. Daftari hilo aliliandika nyanya mwenyewe, mama yake, Ngosa, akisimulia, na kila ukurasa aliupa namba kwa wino. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwapo. Uliofuata ulikuwa wa kumi na tatu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake, mtaa wa Kenya, hapohapo Lubumbashi. Tonton alifundisha historia miaka thelathini na minne, na tangu mama yangu afariki yeye ndiye mkubwa wetu. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti mwenyewe. Sikutaja faili.

"Tonton, daftari ya kambo Musonda iko wapi? Nataka kuisoma."

"Iko kwa muntu mwenye kushona vitabu. Ilikuwa inapasuka."

"Muntu gani?"

"Muntu tu, Jemima. Hauyajua bantu bote. Na usisikilize masemi. Kambo yako alikuwa mutoto ya Chola. Iko kwa carte d'identité."

Mimi sikuwa nimeuliza nyanya alikuwa mtoto wa nani.

Alinyanyuka, akafungua sanduku lake la bati, akanionyesha kitambulisho cha zamani cha nyanya. Kweli palikuwa pameandikwa: baba, Chola Pierre. Nilijaribu kuona mle sandukuni, naye akasogea mpaka mgongo wake ukanizuia.

"Sasa unaona," akasema. "Karatasi ya serikali."

Njiani kurudi nilimfikiria nyanya. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, nywele zake zililala chini ya kitambaa, na macho yake yalikuwa ya kijivu. Jeannot nilimkuta akiwa mzee, mweusi kama mimi. Kama mmoja kati yao hakuwa wa Ladimaka, ningejua nimtazame nani. Lakini macho si ushahidi, na tonton alikuwa na karatasi.

Ijumaa nilimwachia Nono ofisi, nikapanda basi la Likasi, kisha pikipiki mpaka Kambove. Katika parokia nilipokelewa na mama mmoja mwenye miwani, Syntiche, anayetunza vitabu vya ubatizo. Nilipomtajia jina la Ngosa, aliacha kufunika kalamu yake.

"Bantu banapenda huyu mama," akasema. "Mwezi wa tatu alikuya muzee moja, mwalimu. Alikaa na ukurasa moja tangu asubui mpaka tukafunga."

"Mulimuacha yeye peke yake?"

"Hapana, mama. Kitabu yangu simuachie muntu. Nilikaa palepale nakula karanga."

Hata hivyo niliupitishia ukurasa kidole polepole, nikitafuta mahali palipokwanguliwa. Wino ulikuwa mzima. Mwaka 1924: Maria Musonda, mama Ngosa, baba Guillaume Radermacher, fundi, mzaliwa wa Eupen, Mbelgiji.

Guillaume? Mbelgiji? Labda hata Ladimaka walikuwa wawili. Nilitafuta Eupen kwenye simu. Mji huo ulikuwa wa Ujerumani mpaka baada ya vita vya kwanza, kisha ukapewa Ubelgiji. Na Guillaume ndiyo Wilhelm kwa Kifaransa. Mtu alikuwa yuleyule, bendera ndiyo iliyobadilika juu ya kichwa chake.

Syntiche aligeuza kurasa zingine. "Na huyu mwengine, ukurasa ya ule mwalimu, njo huu."

Mwaka 1929: Yohane Jeannot, mama Ngosa, baba Pierre Chola.

Nilikuwa nimekuja kumkamata mwizi aliyemwibia nyanya yangu baba. Kumbe aliyeishi bila babu Mjerumani alikuwa yeye.

Sikulala Likasi kama nilivyopanga. Nilifika Kenya saa kumi jioni na vumbi lote la barabara mwilini. Tonton alikuwa uani, akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo.

"Nimetoka Kambove," nikasema.

Aliendelea kunyoa shavu moja, akalimaliza. Hakugusa la pili.

"Syntiche alikuonyesha?"

"Yote mbili. Tonton, ukurasa ya kumi na mbili iko wapi? Usiniambie muntu wa kushona."

Aliingia ndani na povu usoni. Nilimfuata mpaka mlangoni, maana sikumwamini na kiberiti. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mwandiko ulikuwa wa nyanya. Ngosa alisimulia kwamba Ladimaka aliondoka Musonda akiwa na miaka miwili, akisema anakwenda kumwona mamake. Hakurudi, wala hakuandika. Chola, mweka nguzo mgodini, akamuoa Ngosa na mtoto wake, na Jeannot akazaliwa. Kisha wakaja watu wa serikali, wakiandika watoto waliozaliwa na wazungu ili wawapeleke mbali kwenye nyumba za masista. Chola alimnyoa Musonda kichwa, akampaka masizi, akamficha kwa wachoma makaa mwezi mzima. Baadaye alikwenda ofisini, akaapa mbele ya karani kwamba mtoto ni wake. Ndiyo maana kitambulisho kilisema vile.

Na mstari wa mwisho: Jeannot ni mtoto wa Chola kweli, asidanganye watu.

"Alikuwa anadanganya nani?" nikauliza.

"Bakubwa ba reli." Tonton akaketi kwenye ngazi. "Baba alitafuta kazi ya mashine. Akabaambia baba yake ni fundi muzungu, Radermacher, njo alimufundisha. Bakamupa kazi. Kisha akashindwa kurudi nyuma. Ata mama yangu alimuoa na jina ile. Ata musalaba yake kwa makaburi iko nayo. Miye nilijua mwezi wa tatu tu, Jemima. Nina miaka makumi sita na nane."

"Kwa hiyo ukamutosha kambo, ukamufuta."

"Nilitaka kutosha ule mustari. Lakini Musonda na Jeannot biko ukurasa moja. Ukitosha moja, na mwengine anaenda."

Nilitamani kumhurumia. Pia nilitamani kumpiga na kile kioo. Nilimkumbuka akinizuia kwa mgongo mbele ya sanduku, mtu aliyenilipia karamu ya komunyo. Nikaweka ukurasa ndani ya blauzi yangu.

"Miye nitamuandikia ule mama," nikasema. "Yote."

"Jemima. Baba yangu iko mufu."

"Na kambo yangu pia."

Sikumwacha aseme zaidi. Usiku uleule nilimwandikia Gisela na kumtumia kurasa zote mbili za ubatizo, nilizopiga picha Syntiche akiwa amesimama, pamoja na ukurasa wa kumi na mbili. Kwa Jeannot niliandika: kaka wa Musonda, mtoto wa Chola. Wiki tatu tonton hakupokea simu zangu. Kwenye matanga ya jirani alinipita kama mtu anayepita nguzo ya umeme.

Jibu lilipokuja, Gisela alishukuru sana, akasema atafika mwezi wa saba. Wilhelm, akaandika, alirudi Eupen na kuoa huko, na hakumtaja Musonda kwa mtu yeyote. Familia yake ilijua kwamba aliacha mtoto kutokana tu na picha iliyokutwa nyuma ya fremu. Kisha akauliza: huyu Chola alikuwa nani? Mna picha yake?

Hatukuwa nayo. Nilimtumia tonton ujumbe huo kama ulivyo, bila salamu.

Kesho yake alisimama mlangoni kwangu na koti lake la kaki. Nono akanitazama. Nikamwashiria tonton kiti, nikahamisha bahasha ya karatasi zetu mpaka upande wangu wa meza.

"Andika," akasema. "Chola Pierre. Muntu wa Kasenga. Alikosa kidole moja ya mukono wa kushoto."

"Nani alikuambia?"

"Baba. Alikuwa ananiambia mambo ya muzee moja wa zamani, alimulea. Hakusema jina. Nilizania ni jirani."

"Kidole gani?"

"Ule mudogo."

"Una hakika?"

Alifikiri, akakunja na kukunjua mkono wake mwenyewe. "Hakika hapana. Andika kidole moja."

Niliandika kidole kimoja, nikamwambia aendelee.