Polishi Isiyo na Spiriti

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye mpiga polishi wa karakana yangu. Meza aliyoimaliza yeye unaweza kujitazamia na kunyoa ndevu. Shida ni kwamba polishi yetu tulikuwa tunaichanganya na spiriti, na spiriti yenyewe alikuwa anainywa.

Alipokubali kutibiwa, aligoma kulazwa. Muuguzi wa kliniki hakumgombeza. Alimwambia kulazwa ni njia mojawapo tu. Daktari akimpima na kuridhika, anaweza kulala kwake, kumeza dawa kila asubuhi mbele ya dada yake, na jioni kuhudhuria kikundi cha wenzake walioacha. Kisha akanigeukia.

"Na wewe bosi, spiriti itoke karakanani."

"Sasa tupake nini, mate?"

"Fundi ni wewe."

Nikanunua vanishi ya maji, ile ambayo mafundi wa rika langu huwa tunaicheka. Shemeji alipopata nguvu akarudi kazini, akaipaka kwenye meza ya mteja kama alivyozoea, moja kwa moja juu ya mbao kavu. Mbao ikanywa maji, nyuzi zake zikasimama. Uso wote ukawa kama kidevu changu Jumapili jioni.

Alipitisha kiganja juu yake, kisha akakaa chini kwenye vumbi la mbao.

"Shemeji, kiu imenishika."

Zamani asingesema. Angeaga anakwenda chooni, na kilabu cha pombe kiko nyuma ya ukuta wetu. Mimi shule niliiacha mapema, na maneno ya kubembeleza sina.

"Usiondoke hapo, nisije nikakufunga kwenye benchi," nikamwambia. Kisha nikampigia simu mwenzake wa kikundi, dereva mstaafu wa malori wanayemwita Breki.

Breki alifika na kandambili miguuni. Akaitazama meza.

"Hii umeipaka au umeiparua?"

"Muulize bosi, kaninunulia maji ya kuoshea vyombo."

"Kiu iko wapi?"

"Kooni. Na mikononi."

"Koo tutalipatia chai. Mikono tutaipa kazi. Leteni msasa."

Wakakaa huku na huku wakisugua. Breki hakuhubiri. Alisimulia alivyolazwa mara mbili na kuruka geti mara mbili, mpaka kikundi kikamshika, "kwa sababu pale hakuna geti, unakosa cha kuruka." Shemeji akacheka hadi akapaliwa na chai. Alipopaka tena, mbao ikatulia.

"Bosi, njoo ushike."

Nikashika. Laini.

"Kumbe unailowesha kwanza, ikikauka unapiga msasa, ndipo unapaka," akasema. "Tulikuwa tunajifanya tunajua."

"Na kiu?"

"Ipo. Imepunguza makelele."

Saa ya kikundi ikafika, wakajipangusa vumbi waondoke. Nikamshika Breki mkono nikamshukuru.

"Mimi nimeitwa tu," akasema. "Aliyesema ni yeye."

Ni kweli. Nikamwita shemeji, alishafika mlangoni.

"Shemeji, asante kwa kuniambia."

Akanikagua kuanzia juu mpaka chini.

"Unaumwa?"

"Nenda, utachelewa."